Columba hakumbatiza mfalme Bridei
Husemwa sana kwamba mtawa Columba kutoka Ireland alimbatiza Bridei mwana wa Maelchon, mfalme wa Wapikti kaskazini mwa Uskoti, karne ya 6. Adomnán, abati (mkuu) wa monasteri ya kisiwa cha Iona, Uskoti, aliyeandika maisha ya Columba takriban miaka 100 baada ya Columba kufa mwaka 597, hasemi hivyo. Anasimulia Columba akifika kwenye lango lililofungwa la ngome ya mfalme, makomeo yakafunguka yenyewe, mfalme akatoka kumlaki kwa heshima. Hata jiwe jeupe la mto Ness, lililoaminiwa kuponya, analitaja likihifadhiwa katika hazina ya mfalme. Ubatizo wa mzee Artbranan kisiwani Skye ameuandika. Wa mfalme asingeuacha! Dhana kwamba mfalme alibatizwa huegemea maneno ya Bede, mtawa na mwanahistoria wa Uingereza, mwaka 731, kwamba Columba aliwaongoa Wapikti.