Wapangaji Uliowakuta: Kodi Inayochelewa na Wajibu wa Mwenye Nyumba Mpya

Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, nyumba nyingi za kupangisha hubadili mwenyewe huku watu wakiwa ndani. Mzazi anafariki na kuacha nyumba ya vyumba sita Mwanga, au mtumishi aliyehamishwa anauza nyumba yake ya Gungu, na mwenye nyumba mpya anapokea, pamoja na funguo, wapangaji ambao hakuwachagua, makubaliano ambayo hakuyafanya na, mara nyingi, kodi ambayo tayari imechelewa. Dawati letu la msaada wa kisheria hupokea malalamiko ya namna hii kutoka pande zote mbili, na kwa maoni yangu mengi kati yake yasingefika kwetu kama mwenye nyumba angeutumia mwezi wa kwanza kuuliza kabla ya kudai.

Upangaji hauishi kwa sababu mwenye nyumba amefariki au ameuza. Anayeingia anachukua nafasi ya aliyetoka, akiwa na haki zake na pia wajibu wake. Wengi hudhani kwamba pasipo karatasi hakuna mkataba, lakini Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, inautambua upangaji wa muda usiozidi mwaka 1 hata kama ulifanywa kwa maneno tu. Pale ambapo muda haukutajwa, upangaji hufuata kipindi cha kulipa kodi, kwa hiyo anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja upangaji huo hutoa notisi isiyopungua kipindi hicho.

Maana yake ni kwamba kabla ya kumwita mtu mdaiwa sugu, ni lazima kujua alikubaliana nini na mwenye nyumba wa awali. Mfano wa wazi ni mvuvi wa dagaa anayefanya kazi katika mwalo wa Kibirizi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa vyombo vingi hupumzika, hivyo fedha ya mvuvi huja na giza wala haifuati tarehe za kalenda ya mshahara. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na ni rahisi kuona jinsi miezi hiyo inavyoweza kuacha pengo katika daftari la kodi. Mzee aliyekuwa akipokea kodi kila mwisho wa giza, mwaka baada ya mwaka bila kulalamika, alikuwa amekubali tarehe hiyo kwa vitendo. Mwanawe anaweza kuibadilisha, lakini abadilishe kwa taarifa ya maandishi inayohusu siku zijazo, asimhukumu mpangaji kwa utaratibu ambao baba yake mwenyewe aliuridhia.

Sisemi kila simulizi ipokelewe. Wapo wanaogundua ghafla, marehemu akiwa hawezi kujibu, kwamba walikuwa wamesamehewa miezi minne. Kwa hiyo kila mpangaji aombwe kujaza na kusaini maelezo mafupi yanayotaja chumba chake, kiasi cha kodi, siku ya kulipa, mwezi wa mwisho aliolipia, na matengenezo yoyote aliyoyagharamia kwa idhini ya mwenye nyumba ili gharama yake ikatwe kwenye kodi. Maelezo hayo yalinganishwe na risiti, ujumbe wa malipo ya simu na daftari la marehemu. Suala la LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, nalo liulizwe, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo, ambayo ni mzigo wa mwenye nyumba, hukatwa pale umeme unaponunuliwa. Mpangaji mwenye mita yake huwa anailipa kwa niaba ya mwenye nyumba, na ni haki kumrejeshea kabla ya kusema anadaiwa kiasi gani. Kadhalika, mfanyabiashara aliyepanga fremu hutakiwa kukata kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayotolewa kwenye pango kabla halijakufikia, ya asilimia 10 na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Akileta asilimia 90 pamoja na uthibitisho wa makato, hakupunguza kodi yako.

Kwa nyumba ya urithi, kuna kuchelewa kunakosababishwa na familia yenyewe. Kaka mkubwa anafika Jumamosi kudai kodi, dada anapiga simu Jumatatu kutaka alipwe yeye, na mpangaji mwenye busara anaamua kutomlipa yeyote. Aliye na mamlaka ya kukusanya madeni ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye katika Mahakama ya Mwanzo hupewa Fomu Na. IV, yaani barua ya usimamizi wa mirathi. Aionyeshe fomu hiyo, aandike barua ya kujitambulisha kwa kila mpangaji akitaja namba ya kulipia, na nakala aipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Mpangaji aliyemlipa mwenye nyumba wa zamani kwa nia njema kabla ya kupata taarifa hiyo asidaiwe mara ya pili.

Malimbikizo ya kabla ya kifo ni mali ya mirathi, hata kama chumba husika baadaye kitaangukia fungu la mrithi mmoja. Kwa nyumba iliyonunuliwa, mkataba wa mauzo useme waziwazi nani atayadai malimbikizo ya nyuma na nani anashika amana za wapangaji. Wanunuzi wengi husahau kipengele hiki, kisha hubishana na muuzaji ambaye fedha ameshazitumia. Madai ya kodi yana ukomo wa miaka 6.

Deni likishakubaliwa, liandikiwe mpango wa kulipa. Mpangaji wa chumba cha shilingi 50,000 anayedaiwa miezi mitatu anaweza kulipa 75,000 kila mwezi, na baada ya miezi sita deni la 150,000 likawa limekwisha. Kila risiti itaje ni kiasi gani kimelipia mwezi wa sasa na kiasi gani kimepunguza deni, kwa sababu risiti iliyoandikwa "sehemu ya kodi" huzaa ugomvi mpya. Kwa mvuvi, mafungu yapangwe kwa kufuata giza.

Asiyetaka kuzungumza, au anayevunja mpango aliousaini, aandikiwe barua ya madai inayotaja miezi, kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, ikabidhiwe mbele ya shahidi. Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni kufuli. Kumfungia mtu mlango, kumkatia umeme, kung'oa bati au kushikilia vyombo vyake ni kuingilia haki yake ya kukaa kwa utulivu, na mwenye nyumba aliyekuwa na dai halali anaweza kujikuta yeye ndiye mdaiwa wa fidia.

Shauri la kurejeshewa nyumba huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utahitaji uthibitisho kutoka Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana (isipokuwa siku hizo 30 zimepita bila suluhu), barua ya usimamizi wa mirathi au mkataba wa mauzo, maelezo yaliyosainiwa na mpangaji, nakala za risiti na barua ya madai. Mkataba wa upangaji wa maandishi, kama upo, ulipiwe kwanza ushuru wa stempu TRA, kwa kuwa usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ushuru huo na adhabu yake vilipwe.