Korsika kwa baiskeli: uliza kwanza barabara ilijengewa nani

Msimu ukikaribia, wapanda baiskeli wa Nairobi, Arusha na siku hizi Kigali huniandikia swali lile lile: Korsika ina milima mirefu kiasi gani? Nawajibu, lakini najua jibu halitawasaidia. Barabara ya juu kuliko zote zinazovuka milima ya kisiwa, ile ya Vergio, inafika karibu mita 1,480 juu ya bahari. Nairobi yenyewe iko juu zaidi. Basi mtu wa Ngong akisikia namba hiyo hucheka, anafunga gia zake za mashindano, na siku ya pili magoti yanamsimulia mengine.

Kazi yangu ni kupanga njia na kuongoza vikundi vya baiskeli za mbio kwenye visiwa vya Mediterania, na kati ya vyote hiki cha Wafaransa ndicho kinachowachanganya watu zaidi. Wanasoma mchoro wa mwinuko, wanajumlisha mita, wanadhani wamekijua. Mimi nimezoea kuanza na swali jingine: hii barabara, aliyeijenga alikuwa anambebea nani nini?

Tuanze na umbo la kisiwa. Korsika ina urefu wa kilomita 183 hivi, na upana wake haufiki 90. Mlima mrefu kuliko yote, Monte Cinto, una mita 2,706, na kutoka kileleni hadi baharini hazifiki kilomita 30. Kwa hiyo nafasi ya kupumua ni ndogo. Tambarare ya maana iko upande wa mashariki tu, kusini mwa Bastia, na kwa karne nyingi tambarare hiyo watu waliikimbia. Sababu ya kwanza wasomaji wangu wanaijua vizuri kuliko Mzungu yeyote: malaria. Mabwawa ya mashariki yalikuwa na mbu mpaka Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilipopuliza dawa ya wadudu ya DDT mwaka 1944. Sababu ya pili ni bahari yenyewe. Maharamia kutoka Afrika Kaskazini walivamia pwani na kuchukua watu utumwani, na ndiyo maana katika karne ya 16 Wagenoa, watu wa dola ya Genoa ya Italia waliokuwa watawala, walizungusha minara ya ulinzi kisiwa kizima. Mingi bado imesimama. Ukipita Cap Corse, rasi ya kaskazini, utaiona mmoja baada ya mwingine, ya mviringo, juu ya miamba.

Watu basi walihamia juu, na huko juu wakajenga vijiji kwenye mabega ya milima, mahali ambapo adui anaonekana mapema na mbu hafiki kwa urahisi. Kati ya kijiji na kijiji kulikuwa na vijia vya nyumbu, na vingi ndivyo vilivyokuja kupanuliwa na kuwekwa lami. Hapo ndipo miguu yako inapoingia kwenye hesabu.

Mahali pa kuyaona haya ni Castagniccia, nchi ya michesnati (miti ya njugu ziitwazo chesnati), kwenye barabara ya D71 inayotoka Ponte Leccia hadi Cervione. Koli ya Prato (koli ni pale barabara inapovuka mgongo wa mlima) ina mita 985 tu. Ukishaivuka, ramani inakuambia kazi imekwisha, unateremka hadi pwani. Haiko hivyo kabisa. Barabara inakumbatia ubavu wa mlima, inaingia ndani ya kila korongo mpaka kwenye kijito, inavuka kadaraja ka mawe, inatoka tena upande wa pili. Kijiji unakiona ng'ambo, unasikia mbwa wao wakibweka, na bado una nusu saa ya kukanyaga. Mwinuko ni asilimia 3, halafu 7, halafu mteremko wa mita mia mbili usiotosha hata kunywa maji, halafu 8. Kivuli ni kizito, lami imejaa majani na maganda ya chesnati yenye miiba. Yale maganda hayatoboi tairi nzuri, lakini yakilowa yanateleza kama sabuni.

Michesnati yenyewe haikuota kwa bahati. Mwaka 1584 Genoa iliamuru kila mwenye shamba apande miti minne ya matunda kwa mwaka, mchesnati ukiwemo, na Wakorsika wakaufanya mti wa ugali wao: unga wa chesnati unasongwa mpaka unakuwa pulenda, unakatwa vipande kwa uzi. Mkoa huu ulijaa watu, na ulijaa ukaidi pia. Karibu na Piedicroce barabara inapita kwenye magofu ya konventi (nyumba ya watawa) ya Orezza, ambako Wakorsika walikutana katika karne ya 18 kupanga uasi wao dhidi ya Genoa. Nyuma kidogo ni Morosaglia, alikozaliwa Pasquale Paoli mwaka 1725. Paoli alichaguliwa kuongoza mwaka 1755, akaandika katiba, akafungua chuo kikuu mjini Corte mwaka 1765. Genoa iliposhindwa kabisa iliikabidhi Korsika kwa Ufaransa mwaka 1768, na mwaka uliofuata jeshi la Paoli likavunjwa Ponte Novu. Daraja la Ponte Novu liko kandokando ya barabara kuu ya Bastia, limekatika katikati. Unaweza kusimama, ukala ndizi yako hapo, ila magari ni mengi na sipeleki vikundi njia hiyo.

Sasa nenda upande wa pili wa kisiwa uone barabara ya ukoo mwingine kabisa. Kutoka Porto, ufukweni, hadi Vergio ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, na wastani wake hauvuki asilimia 5. Watu wanaiogopa kwa urefu wake, na mimi ndiyo ninayowapa wageni kwanza. Katika karne ya 19 serikali ya Ufaransa ilijenga barabara za misitu ili kuteremsha magogo, na juu ya Evisa kuna msitu wa Aïtone wenye misonobari ya laricio, mirefu na iliyonyooka, ambayo hata Wagenoa kabla yao waliitaka kwa milingoti ya meli. Mkokoteni uliojaa magogo hauvumilii mteremko mkali, kwa hiyo mhandisi alilazimika kuipinda barabara polepole. Leo wewe unafaidi woga wake. Unachagua gia moja, unatafuta pumzi yako, na kwa muda mrefu hubadilishi kitu.

Ukivuka Vergio ukashuka bonde la Niolo, baada ya ziwa la Calacuccia unaingia Scala di Santa Regina, korongo la itale nyekundu ambamo barabara imechongwa kwenye ukuta wa mwamba. Ni nyembamba. Kabla ya hapo wachungaji wa Niolo walipita na mifugo yao kwa ngazi za mawe, na vipande vya njia hiyo bado vinaonekana ukiinua macho. Inua macho ukiwa umesimama.

Nije kwenye gia, maana hapa ndipo maneno yanapogeuka maumivu. Kwa tairi ya kawaida ya baiskeli ya mbio, gurudumu likizunguka mara moja unasogea mita 2.1. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali ni hizo hizo mita 2.1, ukikanyaga mara 75 kwa dakika unakwenda kilomita 9.5 kwa saa. Mwendo huo huo kwa meno 28 nyuma unakupa mikanyago 62. Kwa gia za zamani za mashindano, 39 mbele na 25 nyuma, unashuka hadi 48, na hapo sasa unasukuma kwa goti badala ya pumzi. Barabara ya magogo utaimaliza hata hivyo. Castagniccia, ambako mwinuko unabadilika kila baada ya kona mbili, itakuvunja kabla ya chakula cha mchana. Fungeni 34 kwa 34, na atakayewacheka mwacheni atangulie.

Kuteremka nako kuna hesabu yake. Mpandaji na baiskeli wakiwa na kilo 85, kushuka mita 1,000 kunaachia nishati ya kilojuli 830 hivi. Nyingine inachukuliwa na upepo, nyingine yote inapita kwenye breki zako. Mwenye breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, akizibana kidogo kidogo njia nzima, rimu inachemka mpaka tairi linaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa ndani ya kona, acha chuma kipoe.

Na ndani ya kona kuna nguruwe. Sisemi kwa mzaha. Nguruwe wa Korsika wanaachiwa msituni wale chesnati, ng'ombe nao jioni hulala juu ya lami kwa sababu ina joto la mchana. Ng'ombe hasogei; nguruwe husogea, lakini huwezi kujua upande gani. Teremka ukiwa na uhakika wa kusimama ndani ya umbali unaouona, basi.

Vibao vya barabarani vina lugha mbili, na mara nyingi jina la Kifaransa limepakwa rangi, vingine vimetobolewa kwa risasi. Ni siasa, haikuhusu, ila jifunze majina yote mawili: Vergio utaikuta imeandikwa Verghju. Jambo jingine ambalo mpandaji Mwafrika ataliona kabla ya kufika hotelini: bendera ya kisiwa ni kichwa cha mtu mweusi aliyefungwa kitambaa kwenye paji la uso. Ni alama ya tangu enzi za wafalme wa Aragon, na Paoli ndiye aliyeifanya ya taifa. Imebandikwa kwenye magari, kwenye chupa, kwenye jezi za baiskeli. Kila mtu atakuwa na hisia zake. Mimi bado siivai.

Maji si shida, vijiji vingi vina bomba la chemchemi barabarani. Chakula mchana ni shida, duka likifungwa limefungwa. Waislamu waulize kila kitu: soseji na nyama kavu za huku ni nguruwe, na hata canistrelli, biskuti ngumu zinazofaa sana mfuko wa jezi, nyingi hukandwa kwa divai nyeupe.

Mbio za baiskeli za Tour de France zilifika huku kwa mara ya kwanza mwaka 2013, zilipotimiza mashindano 100. Siku ya pili walivuka Vizzavona, mita 1,163, na karibu na Ajaccio, kwenye kilima cha Salario, Chris Froome alichomoka kidogo peke yake kuwapima wenzake. Huyu ni mzaliwa wa Nairobi, aliyefundwa na mpanda baiskeli Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, na ndiye aliyevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, mpaka Paris mwaka ule. Siku ya tatu ilipita Piana na Porto hadi Calvi, na hiyo bado ni njia nzuri kuifuata, isipokuwa Julai na Agosti. Kati ya Piana na Porto barabara imepenyezwa katikati ya miamba myekundu ya Calanche, basi la watalii likikutana na jingine hakuna pa kupita hata kwa baiskeli. Nendeni Mei, Juni au Septemba, na Piana muwe mmeshaiacha nyuma kabla ya saa tatu asubuhi.