Pikapu ya gitaa la nyuzi saba: ni nini, na huchaguliwaje

Ukimwambia mtu mtaani kwamba unatafuta pikapu, atakuuliza kama unataka ya dizeli au ya petroli. Kwa mpiga gitaa, pikapu ni kile kipande, mara nyingi cheusi, kinachokaa chini ya nyuzi, kati ya shingo na daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa), kikinasa mtikisiko wa uzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Gitaa la umeme lisilo nayo ni ubao wenye nyuzi. Ukilipiga chumbani, aliyeko sebuleni hasikii kitu.

Wengi hudhani pikapu ni maikrofoni ndogo. Sivyo. Ndani yake mna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Huo mzingo wa waya ndio koili. Uzi wa gitaa ni wa chuma, kwa hiyo unapotikisika unaivuruga nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili, na mvurugo huo unazaa umeme kidogo sana ndani ya waya. Michael Faraday aliionyesha kanuni hii mwaka 1831, na ndiyo inayotumika kwenye jenereta za mabwawa ya umeme. Ndiyo sababu pikapu ya aina hii haisikii kabisa nyuzi za nailoni.

Tatizo ni kwamba koili haichagui. Inanasa uzi, na inanasa pia mvumo wa umeme wa nyumba: taa za tyubu, transfoma, waya zilizofukiwa ukutani. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliombea hataza ya suluhisho lake: koili mbili kando kwa kando, sumaku zake zikielekea kinyume na waya zake zikipitishwa kinyume. Sauti ya uzi inajumlishana, mvumo unafutana. Pikapu hiyo ikaitwa hambaka, na magitaa mengi ya nyuzi saba yanayopigiwa muziki mzito yanatumia hiyo. Kuna jambo moja hapa hunichekesha. Umeme wetu wa Afrika Mashariki unavuma kwa hezi 50, ambayo ni noti ya G iliyopanda kidogo. Wa Marekani unavuma kwa hezi 60, katikati ya B flati na B, yaani jirani kabisa na B ya uzi wa saba wenyewe. Wao mvumo unawapotezea tuni, sisi unatuongezea mpiga besi asiyealikwa.

Gitaa la nyuzi saba si jambo la juzi. Mpiga jazi wa Marekani George Van Eps alitengenezewa lake na kampuni ya Epiphone mwishoni mwa miaka ya 1930, akauweka uzi wa ziada kwenye A ili ajipigie besi mwenyewe. Hili tunaloliona leo lilianza kuenea mwaka 1990, kampuni ya Ibanez ya Japani ilipotoa gitaa la Universe kwa kushirikiana na mpiga gitaa Steve Vai, nayo kampuni ya pikapu ya DiMarzio ikatengeneza pikapu za Blaze kwa ajili yake. Miaka minne baadaye kundi la Korn likatoa albamu yake ya kwanza kwa magitaa ya namna hiyo, wakiyashusha tuni, na muziki mzito ukahamia chini moja kwa moja.

Sasa huo uzi wa saba. Katika tuni ya kawaida ni B, na ukipigwa wazi unatikisika mara 61.7 kwa sekunde. E nzito ya gitaa la nyuzi sita ni 82.4, E ya gitaa la besi ni 41.2. Kwa hiyo uzi wa saba umeshika karibu nusu ya njia ya kuelekea besi. Ukipiga bila distoshoni hakuna shida yoyote, karibu pikapu yoyote itakupa sauti nene ya kupendeza. Shida huanza unapokanyaga pedali. Distoshoni kazi yake ni kuminya na kukata vilele vya mawimbi ya sauti, na sauti nzito ndiyo yenye mawimbi makubwa. Pikapu ikipeleka besi nyingi, besi hiyo inajaza nafasi yote, na vitu vidogo vinavyokuwezesha kujua kidole kiko wapi vinamezwa: mgongano wa piki (kile kiplastiki cha kupigia) na uzi, mkato wa kiganja, tofauti kati ya noti moja na jirani yake. Kinachotoka ni uji. Mpigaji anadhani anahitaji pikapu yenye nguvu zaidi, ananunua yenye nguvu zaidi, na uji unazidi kuwa mzito.

Nikiulizwa pikapu nzuri ya nyuzi saba ni ipi, nasema ni ile inayobana besi na kuacha sauti ya kati isikike. Unanunua usafi wa noti. Nguvu unaipata kwenye amplifaya kwa kuzungusha kinobu tu.

Hapo ndipo namba za kwenye boksi zinapopotosha watu. Namba inayotangazwa zaidi ni ukinzani wa koili, kwa kiloohmu. Hambaka za mtindo wa zamani wa Gibson zinakuwa karibu na 8, zile kali zinapita 13 na kuendelea. Watu huisoma kama nguvu za farasi. Lakini ukinzani unakuambia tu waya ni mrefu kiasi gani na mwembamba kiasi gani. Chukua koili mbili zenye mizunguko sawa, moja ya waya mwembamba zaidi: yake itasoma namba kubwa bila kutoa sauti kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Hata hali ya hewa inaingia humo. Ukinzani wa shaba unaongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto, kwa hiyo pikapu iliyosoma 8.0 kwenye chumba cha digrii 20 itasoma karibu 8.4 ukiipima saa nane mchana Dar es Salaam kwenye digrii 33. Pikapu ni ileile. Namba hiyo ina faida ukilinganisha pikapu mbili za mtengenezaji mmoja zenye sumaku na waya wa aina moja, na inakusaidia kujua kama koili imekatika. Zaidi ya hapo, mimi siipi uzito.

Sumaku ina maneno zaidi. Kuna aina mbili kubwa: alniko, ambayo ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, na seramiki. Seramiki kwa kawaida hutumika kwenye pikapu kali, na besi yake hubana vizuri, kwa hiyo utaikuta sana kwenye pikapu za daraja, yaani zinazokaa karibu na daraja, za magitaa haya. Alniko 5 ni laini zaidi kidogo lakini bado ina ukali wake. Mfano rahisi ni pikapu za kampuni ya Seymour Duncan: Nazgul ni ya daraja, ya seramiki, imetengenezwa kwa ajili ya kupiga mdundo mzito, Pegasus nayo ni ya daraja ila ina alniko 5, inaachia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zisikike noti kwa noti, Sentient ni ya shingo, alniko 5 pia. Wengi huweka Nazgul na Sentient pamoja, na nadhani sababu ni nzuri. Karibu na shingo uzi unatikisika kwa upana zaidi, besi inakuja yenyewe, kwa hiyo pikapu ya pale haihitaji ukali. Ukiweka pikapu mbili kali zinazofanana, ya shingo itakuvunja moyo.

Kisha kuna swali la pikapu yenye betri. Zinaitwa aktivu. Koili yake ina nguvu ndogo, halafu ndani ya boksi mna kiamplifaya kinachokuza ishara, na kinakula betri ya volti 9. EMG ndio jina kubwa hapo: 707 ni ya alniko, 81-7 ni ya seramiki. Zina utulivu wa ajabu, mvumo ni mdogo mno, na sauti yake ni iliyobanwa tayari. Wapo wanaosema haina roho. Mimi nasema inategemea unapiga nini. Ukihama kutoka pikapu ya kawaida kwenda aktivu ya EMG, jua kwamba unabadilisha na vinobu vya sauti: hambaka ya kawaida hutumia vya kiloohmu 500, EMG hutumia vya 25. Ukiacha vile vya 500, sauti inakuwa kama swichi, ipo au haipo. Na uchomoe kebo ukimaliza kupiga, kwa sababu kebo ndiyo inayowasha betri.

Kabla ya yote hayo, chukua rula. Mimi naamini watu wengi zaidi wamepoteza pesa kwenye kipimo kuliko kwenye sauti. Pikapu ya nyuzi saba ni ndefu kuliko ya sita kwa karibu sentimita moja, kwa hiyo ya sita usiifikirie: uzi mmoja utakaa nje, na utausikia ukififia. Lakini hata zenyewe za saba hazilingani. Kuna umbo la hambaka ya kawaida, lenye masikio mawili ya skrubu pembeni. Kuna jingine la boksi la plastiki lililofunikwa lote, ambalo wenyewe huliita kipande cha sabuni, na ndilo la 707. Tundu lililochimbwa kwa sabuni ni kubwa. Ukiweka hambaka ya kawaida humo utaona mbao pembeni na skrubu hazina pa kushika. Tundu la hambaka ni dogo. Sabuni haiingii mpaka uchimbe, na kuchimba gitaa zima kwa ajili ya pikapu ni kazi ya kufanya ukiwa umelala vizuri. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana pikapu nyingi za nyuzi saba huuzwa kwa maumbo yote mawili kwa jina lilelile. Soma hadi mstari wa mwisho kabla ya kulipa, maana kurudisha mzigo nje ya nchi ni gharama nyingine. Kama daraja la gitaa lako limewekwa mshazari, tafuta yenye vyuma virefu badala ya vichwa vya skrubu saba, ili usihangaike kama kila uzi unapita juu ya kichwa chake.

Na kuna jambo la bure ambalo watu huliruka. Kabla ya kununua chochote, shusha pikapu uliyonayo. Upande wa uzi mnene, acha milimita tatu hivi kati ya uzi na pikapu ukiwa umebonyeza freti (kile kichuma cha shingoni) ya mwisho, kisha usikilize. Sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi, na noti nzito inayumba hata tuni ikiwa sahihi. Angalia pia uzi wenyewe: B yenye unene wa inchi 0.056 kwenye gitaa ambalo uzi wake una urefu wa inchi 25.5 kutoka kichwani hadi kwenye daraja inalegea, na hakuna pikapu itakayokaza uzi uliolegea. Weka ya 0.062, au upate gitaa la inchi 27, utashangaa.

Nimalizie kwa waya, kwa sababu hapo niliumbuka. Nilikuwa nimenunua pikapu ya DiMarzio ya daraja, mchoro nilionao ulikuwa wa Seymour Duncan, nikaona waya ni nne na rangi ni zilezile, nikafuata mchoro. Nikapima kwa multimita, ikasoma vizuri kabisa. Nikachomeka. Sauti ilitoka nyembamba, kama redio ya mkulima iliyoishiwa betri, na mvumo juu yake. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye hajawahi kushika gitaa maishani.

"Mzee, nadhani koili imekufa."

Akatoa mita ya mshale, ile ya zamani, akaunganisha koili moja, akaigusa kwa bisibisi. Mshale ukaruka kulia. Akaja ya pili, akishika waya kwa mpangilio uleule niliouunganisha mimi. Mshale ukaruka kushoto.

"Haijafa, kijana. Zinagombana."

Kwa Seymour Duncan waya mweusi ndio wa ishara, mweupe na mwekundu vinaungana, kijani inakwenda ethi. Kwa DiMarzio mwekundu ndio wa ishara, mweusi na mweupe vinaungana, kijani inakwenda ethi. Kwa kufuata mchoro usio wake nilikuwa nimeigeuza koili moja: sauti ya uzi ikawa inafutana na mvumo ndio unajumlishana, hambaka iliyofanya kazi yake kinyume. Multimita haikuona kosa kwa sababu ukinzani haujui mwelekeo. Mzee alihamisha waya mbili, akapuliza moshi wa risasi ya kulehemia, na uzi wa saba ukatoka mnene na msafi, kila noti peke yake.