Daraja la meno haliozi, nguzo zake ndizo huoza

"Dokta, si mlisema hili ni la kudumu?" Mama mmoja alinifungulia leso, ndani yake kuna daraja lake la meno. Lilikuwa zima, halina hata ufa. Kilichoharibika ni gego lililokuwa limelibeba: jeusi, laini, kifaa cha kukwangulia kinazama kama kwenye kiazi kilichooza. Halikufaa tena ila kung'olewa.

Ndiyo maana kabla ya kumwekea mtu daraja namweleza kwanza linasimama juu ya nini. Meno mawili yanayopakana na pengo ndiyo nguzo. Tunayachonga pande zote, kama milimita 1 hadi 2, kisha tunayavisha kofia zilizoungana na jino la bandia la katikati. Jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo nikikuta nguzo hizo ni nzima, hazijawahi hata kutoboka, huwa namwomba mgonjwa afikirie kwanza kipandikizi, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na skrubu ndani ya mfupa wa taya, au meno ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu zaidi. Zikiwa zinacheza kwa ugonjwa wa fizi, hapo daraja halijengwi.

Ukishang'oa jino, mara nyingi tunasubiri miezi 2 hadi 3 mfupa na fizi vitulie. Usikae miaka, maana meno ya jirani huanza kuinamia pengo. Siku ya kugandisha daraja, uma meno vizuri na useme kama unahisi linagusa kabla ya mengine. Wengi hunyamaza kwa adabu, wakaondoka na maumivu.

Lile jino linalobandikwa mtaani kwa plastiki, likashikizwa kwenye meno ya pembeni, si daraja. Halisafishiki, na fizi chini yake huvimba na kunuka.

Sasa usafi, ambao ndio kazi kubwa. Chini ya jino la bandia kuna upenyo mwembamba; nyuzi za nyama na mchicha hujificha humo, na mswaki haufiki. Uzi wa meno nao haupiti kwa juu kwa kuwa meno yameungana. Unauchomeka kwa chini, kwenye fizi, kwa sindano butu ya plastiki, unautoa upande wa ulimi, halafu unausugua taratibu chini ya jino la bandia na ubavuni mwa kila nguzo. Fanya hivyo kila usiku. Fizi ikitoa damu siku za mwanzo usiache. Ikiendelea zaidi ya wiki moja au mbili, njoo tuione. Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, uteme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Na soda ina kifunguo chake, usitumie meno.

Harufu isiyoisha, ladha mbaya au daraja kucheza ni dalili za kuja mapema. Likichomoka, lihifadhi kwenye kikopo safi ulilete siku hiyo au kesho yake. Usilirudishe kwa supa gluu. Mama yule alikuwa amelirudisha hivyo mara mbili.