Mala Kuchacha Si Mala Kuwa Salama

Hapa Nakuru bado nasikia watu wakisema kwamba maziwa yakishachacha, uchachu umeua kila kijidudu, hivyo kuyachemsha ni kupoteza makaa. Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Ni kweli asidi huzuia vijidudu vingi kukua, lakini bakteria wa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, wanaweza kustahimili siku kadhaa ndani ya mala, yaani maziwa yaliyochacha, iliyotokana na maziwa mabichi. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, kisha anatibiwa malaria au taifodi bila nafuu.

Dawa yake ni mpangilio: chemsha kwanza, chachusha baadaye. Akina mama wengi wa Kikalenjin wanaotengeneza mursik, maziwa yao ya kuchacha, hufanya hivyo. Maziwa huchemshwa, yakapoa, ndipo yakamiminwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kwa mala ya nyumbani, ngoja maziwa yawe vuguvugu, koroga vijiko viwili vya mala ya jana, funika hadi kesho. Ukiyachemsha yakishaganda, umewaua bakteria wazuri uliowataka.

Wengine hudhani kila kilicho kichachu kina bakteria hai. Sivyo. Unga wa mtama au wimbi uliochachushwa Kisumu na Kakamega hupikwa uji, na bakteria hufia sufuriani. Usiuache lakini: kuchachuka hupunguza vile vitu vya kwenye nafaka vinavyoyashika madini ya chuma yasifyonzwe mwilini. Achari ya siki haikuchachuka, imetiwa uchachu tu. Na yogati inayokaa miezi nje ya friji kwa kawaida imepashwa moto baada ya kuganda, soma pakiti.

Wengine husema, "Maziwa hunivuruga tumbo, kwa hiyo yogati siwezi." Jaribu kidogo kidogo. Bakteria wawili wa yogati, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, husaidia kuimeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa inayowasumbua wengi wetu. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali dai hilo, kwa sharti kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100.

Kudhani mala itaponya vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, naye hutolewa kwa antibiotiki za hospitali. Kunywa mala yako, ila dozi uimalize.