Goti Haliishiwi Oili: Maswali ya Mama Mboga Kuhusu Viungo na Gegedu

Mama mboga wetu hapa Pipeline, Nairobi, anaishi ghorofa ya 6, na jengo lao halina lifti. Magoti yanamuuma. Jirani amemwambia oili ya magoti imemwisha, naye akaja na maswali.

Ni kweli oili ya goti huisha?

Hapana, mama. Ndani ya goti mna ute unaoteleza kama ute wa yai, na katika goti zima hata kijiko cha chai haujazi. Hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo, siku zote, hata uzeeni. Tena goti likiumia na kuvimba, mara nyingi ute huwa umezidi. Kinachochakaa ni gegedu.

Gegedu ndiyo nini?

Siku ukienda soko la Burma kununua mguu wa mbuzi, mwambie muuzaji akate penye kiungo, asipasue mfupa. Ncha ya mfupa utaikuta imevikwa kitu cheupe kinachong'aa. Pitisha kidole: kinateleza kama sabuni iliyoloa. Kibonyeze kwa ukucha: kinabonyea kidogo, kisha kinarudi. Hilo ndilo gegedu. Lako lina unene wa milimita chache tu, na sehemu yake kubwa ni maji yaliyoshikwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni.

Kazi yake mifupa isisagane, na mzigo usitue mahali pamoja. Unapopanda ngazi, kila hatua goti hubanwa kwa takriban mara 3 ya uzito wako. Sasa ongeza ule mtungi wa maji wa lita 20: kwa goti, ni kama umebeba mitatu.

Mbona likichakaa haliponi kama kidonda?

Kwa sababu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ule ute. Ukikanyaga, linabanwa na maji yanatoka. Ukiinua mguu, linafyonza tena, kama sponji ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana kukaa kutwa kibandani mguu ukiwa umekunjwa si kulipumzisha goti, ni kulinyima chakula.

Daktari William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi. Mpaka leo hakuna kidonge cha kulirudisha. Halina hata mishipa ya fahamu, kwa hiyo linalika kimyakimya. Unayoyasikia ni maumivu ya mfupa na utando ulio jirani.

Supu ya mifupa je?

Inywe kwa utamu wake. Kolajeni iliyo ndani yake ikifika tumboni huvunjwavunjwa kama nyama nyingine. Haina njia ya mkato ya kwenda gotini.

Na linavyolia "ka!" nikiinuka?

Kama haliumi, usijali. Mara nyingi ni gesi ndani ya ute. Daktari Mmarekani, Donald Unger, aliliza vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, na mikono yote miwili ikabaki salama.

Si ni baridi ya Julai?

Jina "baridi yabisi" limetupotosha. Wengi huhisi maumivu zaidi kukiwa na baridi, lakini baridi haili gegedu. Ila vidole vya mikono yote miwili vikiamka vimekakamaa kwa saa nzima kila asubuhi, huo ni ugonjwa mwingine, na una dawa zake. Kamwone daktari mapema.

Sasa nifanye nini? Kuhama siwezi.

Gawa maji kwenye mitungi midogo, upande mara mbili. Ukiwa umekaa kwenye stuli, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi 5, ushushe. Mara 10 kila mguu. Msuli wa paja ukipata nguvu, hulipunguzia goti kazi. Kilo chache zikipungua mwilini, goti litazihisi mara 3.

Lakini goti likivimba ghafla na kuwaka moto, ukawa na homa, au ukashindwa kulikanyagia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kufunga kibanda.