Lushoto haijajitenga na dunia

Wengi hudhani kuishi katika mji mdogo wa mlimani kama Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kukaa kando ya dunia: ukungu, kimya na baridi. Baridi ipo kweli, hasa Juni hadi Agosti, na sweta inatosha. Lakini karoti, kabichi na viazi vya Usambara huteremshwa kwa malori hadi Dar es Salaam, na mkulima hufuatilia bei ya mjini kwa simu kabla hajavuna. Kinachowabana watu hasa ni barabara ya kuteremka hadi Mombo, mji ulio chini ya milima: kilomita 33 hivi za kona. Mvua ikiporomosha udongo, mboga huharibika njiani na mgonjwa mwenye rufaa ya Tanga hukwama.